Kijiti Apande au Abaki

Kocha wa mpira wa magongo alikuwa mwanamke wa maneno machache, na hayo machache aliyasema huku akiokota koni uwanjani, kana kwamba anakuomba umshikie ndoo. "Mama Kijiti, binti yako namtaka kwa Wakubwa. Utaratibu mnaujua. Mimi naita, nyumba inajibu. Ijumaa kabla ya mazoezi nipeni jibu, anapanda au anabaki."

Akachukua koni zake akaenda zake, akamwacha mama wa watu amesimama na chupa ya maji mkononi.

Klabu yenyewe si kubwa. Ina makundi mawili ya wasichana. Kuna Chipukizi, wenye kelele nyingi na soksi zisizofanana, na kuna Wakubwa, ambao baadhi yao wameshaanza vyuo na wakiupiga mpira ubao wa goli unalia mpaka mtaa wa pili. Ukishapanda kwa Wakubwa hushuki tena hadi msimu uishe, hata kama kazi yako ni kukalia benchi na kulinda majaketi ya wenzako. Zamani Kocha alikuwa anapanga mwenyewe. Akimpandisha mtoto, mtoto akaumia, wazazi wanamjia juu. Akimwacha chini, wanamjia juu vilevile. Akachoka. Ndipo akaja na huo utaratibu wake, kwamba yeye anaita na nyumba inajibu, na mtu asimtafute baadaye kumsomea mashtaka. Utaratibu mzuri sana kwa Kocha. Kwa nyumba yenye mtu mwoga, ni balaa tupu.

Na mama huyu alikuwa mwoga, tusidanganyane. Mechi ya mwanawe hajawahi kuiona yote. Mpira ukikaribia miguu ya Kijiti, yeye anakumbuka ghafla kwamba ana haja ya kwenda msalani, na anakaa huko mpaka asikie makelele yametulia. Lakini kabla hujamcheka, sikia kwanza kazi yake. Hospitalini hakuna anayemwita Mama Kijiti. Huko ni Mama Picha, kwa kuwa ndiye anayepiga picha za eksirei, na hakuna mfupa uliovunjika katika mji ule ambao haukupita mbele yake. Aliyeanguka ngazi, aliyegongwa na baiskeli, aliyepiga ukuta ngumi kwa hasira za kuachwa, wote amewaweka juu ya meza yake na kuwaambia wasitikisike. Na Wakubwa wa magongo nao aliwajua hivyo hivyo. Watu wengine wakimtaja nahodha wa Wakubwa, wanaona mabao yake. Mama Picha anaona mfupa wake wa bega ulivyokatika vipande viwili. Winga ni vidole. Beki ni taya, tena taya la mwezi uliopita tu. Sasa hao ndio mwanawe wa miaka kumi na minne, mwembamba hadi akapewa jina la Kijiti, anaitwa akacheze nao. Wewe ungelala?

Mezani jioni ile, baba yake Kijiti hakuona hata cha kujadili. Ni fundi vigae, mtu wa kupiga magoti mchana kutwa, na akifika nyumbani hupenda kukaa ameinyoosha miguu yote chini ya meza mpaka wenzake wakose pa kuweka yao.

"Mtoto akiitwa juu anapanda," alisema. "Mjadala wa nini?"

"Mjadala upo," mkewe akajibu. "Umekaa hapa mezani na unakula kama sisi."

"Mama Kijiti, hii ni heshima. Kazini nimeshawaambia. Hata yule msimamizi ambaye hacheki, leo amenipa mkono."

"Wale wana miaka kumi na nane, kumi na tisa. Mmoja nimempiga picha ya taya juzi juzi."

"Wewe nani hujampiga picha? Mimi mwenyewe nikikaa hapa unaona mbavu."

"Ningeziona, kama zisingefunikwa na mafuta."

Kijiti akacheka ndani ya sahani yake. Baba akasogeza kiti, akaanza lugha ya kazi, na akianza hiyo hakamatiki. Akasema kigae huwekwa mahali pake siku ya kwanza, maana ukikiweka pasipo pake kesho utakibandua, na ukikibandua kitatoka na kipande cha sakafu. Mkewe akamsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza, "Na ni nani wiki iliyopita aliyetimua watoto wa watu kwa fagio kwa sababu wamekanyaga vigae kabla saruji haijashika?"

Hilo fundi hakulitarajia. Akaamua kumgeukia mtoto. "Wewe mwenyewe unasemaje?"

"Nataka kupanda," Kijiti alisema, haraka mno. Kisha akaongeza, "Mkiamua nibaki, ni sawa pia." Akainuka, akakusanya vyombo, akaenda kuviosha na wala haikuwa zamu yake.

Mama mwenye utulivu angeliona hilo. Mtoto gani wa miaka kumi na minne anaosha vyombo visivyo vyake usiku aliopewa heshima? Lakini huyu wetu akili haikuwa jikoni. Ilikuwa kwenye vifundo vya miguu, magoti, viwiko na meno ya mbele, na akimaliza orodha anaianza upya.

Kesho yake kazini mikono ilifanya kazi yenyewe. "Vua mkufu. Weka hapa. Usitikisike." Chumba cha picha ni baridi, mlango wake una bamba la risasi ndani la kuzuia miale na ni mzito wa kufungua kwa bega, na ukishazoea mlio wa mashine husikii tena kitu kingine. Katika mlio huo Mama Picha akakumbuka maneno ya daktari wa mifupa. Daktari aliwahi kumweleza mzazi mmoja kwamba watoto wa umri mmoja hawalingani ndani. Akasema ukitaka kujua mtoto amekomaa kiasi gani, tazama picha ya mkono wa kushoto. Kwenye ncha za mifupa utaona mianya myeusi, na hapo ndipo mfupa unaporefukia. Mianya ikiwa mipana, mtoto bado ana safari ndefu. Ikiwa imefungana, amekwisha kuwa mtu mzima, atake asitake.

Wazo likamwingia hapo hapo, na baada ya hapo halikutoka. Kama mifupa itasema bado, basi si yeye anayemkatalia mtoto. Ni mifupa. Nani atabishana na mifupa?

Sasa, kanuni ya chumba kile iko wazi, na aliyeisimamia kwa ukali kuliko wote ni yeye mwenyewe. Hapigwi mtu picha bila neno la daktari. Miale si ya kuchezea. Mkuu wake wa zamu aliwahi kuja akichechemea, akiomba goti lake lipigwe chapchap, Mama Picha akamwonyesha mlango na kumwelekeza foleni ya daktari ilipo. Lakini ukiwa na woga unajipa ruhusa ambazo hungempa mtu mwingine yeyote.

Kijiti alipitia pale baada ya shule kuchukua ufunguo wa nyumba, kama kawaida yake. Begi mgongoni, gongo limechomoza kwenye begi, na glavu ya mchezo mkono wa kushoto. Glavu hiyo alikuwa haivui tangu msimu uliopita, anatembea nayo njiani, anafanyia nayo kazi za shule. Mama yake aliichukulia kuwa maringo, na kwa kuwa maringo hayavunji mtu, aliyaacha.

"Njoo ndani mara moja," alimwambia. "Mashine imetoka kutengenezwa, nataka kuijaribu. Nipe mkono."

Kijiti akatoa wa kulia.

"Wa kushoto."

"Kwa nini wa kushoto?"

"Kwa sababu nimesema wa kushoto. Vua hiyo glavu."

Mtoto akaivua taratibu, kidole kimoja kimoja. Akauweka mkono juu ya bamba na kuutazama ukuta. Mama akamfunika kwa aproni ya risasi, kisha akaona haitoshi, akaongeza ya pili, Kijiti akabaki kichwa na mkono tu. Akaenda nyuma ya kinga, akabonyeza.

Picha ilipojitokeza kwenye skrini aliitazama pale alipotaka kutazama. Mianya ilikuwepo. Myeusi, mipana, kwenye kila ncha, na ya kifundo cha mkono ndiyo mipana kuliko yote. Bado. Mtoto bado kabisa. Alipumua pumzi ambayo hakuwa ameipata tangu Kocha aokote koni zake. Na tuseme ukweli, alifurahi. Alisimama mbele ya ile skrini akiwa amefurahi kwamba mwanawe hajakomaa, akaanza kupanga maneno ya kumwambia mumewe, na maneno yalikuja matamu sana. Mimi sina neno, Baba Kijiti. Mimi ningemruhusu. Ni sayansi.

"Nisubiri hapo nje kwenye benchi," alimwambia mtoto. "Tutatoka pamoja."

Kijiti alikuwa ameshavaa glavu yake. Hakuuliza picha imetokaje.

Daktari wa mifupa aliingia akitafuta picha ya mgonjwa mwingine. Macho yake yakaangukia skrini. "Huyu nani?"

"Mwanangu."

"Kaumia?"

"Hapana. Nilikuwa tu..."

"Nani alikuagiza?"

Daktari akavua miwani, na kwa daktari yule kuvua miwani ndiko kufoka. "Wewe ndiye unayeturudisha sisi mlangoni kwa sababu ya saini," alisema. "Wewe."

Basi ikabidi amwage yote, Kocha na Wakubwa na taya na mianya. Alipokuwa anayaeleza kwa sauti aliyasikia yalivyo, na uso ukamwaka kwa aibu. Daktari akairudisha miwani, akasogea kwenye skrini.

"Anakua, ndiyo. Hilo hata ukimtazama amesimama mlangoni unaliona. Lakini picha hii haiwezi kukwambia acheze na nani. Nawaona hapa vijana mifupa imefungana yote na bado hawajui wakimbilie wapi." Akainama zaidi. "Na hiki kidole, alikitibu nani?"

"Kidole gani?"

"Mama Picha." Daktari akaweka ncha ya kalamu kwenye kidole cha mwisho, kwenye mfupa wa chini. Palikuwa na uvimbe wa mfupa na mpindo mdogo. "Hiki kilivunjika. Ni miezi kadhaa sasa. Kimejiunga chenyewe, na kimejiunga kimepinda."

Akatazama. Na hapo akakiona, wazi, wala hakikuhitaji udaktari. Ukimwamsha usingizini umwonyeshe picha ya mtoto wa mwenzake, angekiona kabla hujamaliza kumwambia habari. Cha mwanawe kilikuwa mbele yake muda wote, kwenye skrini anayoifuta vumbi kila asubuhi, na hakukiona kwa kuwa hakuwa anatafuta maumivu ya mtoto. Alikuwa anatafuta kisingizio.

Daktari alimwita Kijiti, akamkunja kidole na kukikunjua, akamwambia avute, asukume, akamate. "Kimeshika," alisema. "Nguvu ipo, unaweza kucheza. Ila ungekuja wakati ule, kingenyooka." Akatoka na kuusukuma ule mlango mzito mpaka ukafunga.

"Lini?" Mama aliuliza.

"Nusu fainali." Kijiti alikuwa anaongea na viatu vyake. "Niliinama kuzuia, gongo la mpinzani likanipita juu ya mkono."

"Na ukaendelea kucheza?"

"Muda ulikuwa umebaki kidogo."

"Halafu?"

"Kipa akanifunga plasta, hiki na hiki pamoja. Nikavaa glavu."

Hapo mama yake akaanza kukumbuka, na kila alichokumbuka kilimchoma. Zile siku mtoto alilala mkono uko chini ya mto, akisema baridi. Ile Jumamosi aliyompa mashuka ayakamue, na mtoto akayakamua, akayaanika, akaja kusema tayari, Mama. Alikamua mashuka kwa kidole kilichovunjika, na mama yake alikuwa amesimama hapo hapo akimhimiza afanye haraka. Kwa uchungu alitamani apige yowe, na kwa hasira alitamani amzabe kofi.

"Mimi hii ndiyo kazi yangu," alisema hatimaye. "Watu wanatoka vijijini kunifuata mimi. Wewe ulitakiwa kuvuka barabara tu kutoka shuleni, ukanionyesha mkono."

"Ningekuonyesha, ungeniacha nicheze tena?"

Jibu walikuwa wanalijua wote wawili.

Basi, kama ilivyo kwa watu wa namna yake, alipotoka kwenye kosa moja akakimbilia jingine upande wa pili. Akamshika mtoto mabega. "Sawa. Nimekosa mimi. Unapanda. Ijumaa nitamwambia Kocha kwa mdomo wangu mwenyewe, unapanda kwa Wakubwa, na mimi sitatia neno."

Alisubiri tabasamu. Alisubiri kukumbatiwa, na kusema kweli alihisi anastahili. Badala yake mdomo wa Kijiti ulianza kutetemeka upande mmoja, kama alipokuwa mdogo.

"Sitaki," Kijiti alisema.

"Hutaki nini?"

"Kupanda. Sitaki."

"Si ulisema mezani unataka?"

"Baba alikuwa amefurahi vile, na wewe ulikuwa umeogopa vile. Mimi ningesema nini?" Machozi yakaanza, na akaanza kuyafuta kwa glavu, na glavu ni ngumu, haifuti kitu. "Nilifanya nao mazoezi siku moja, Kocha aliniita kujaza nafasi. Mpira wao siuoni, Mama. Unafika kabla sijageuka. Muda wote nilikuwa naomba moyoni usije kwangu. Nikiwa na Chipukizi naomba uje. Nakasirika usipokuja. Kule nilikuwa naomba usije."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Wewe unaogopa tayari." Alisema bila ukali wowote, kama mtu anayekwambia saa. "Wewe ukiogopa na mimi nikiogopa, nani atamwambia mwenzake pole? Nyumbani kwetu zamu ya kuogopa haijawahi kunifikia."

Mama Picha alikaa kwenye kiti cha wagonjwa. Kwa miaka yote aliamini woga wake ni ukuta wa kumlinda mtoto. Kumbe umejaa nyumba nzima mpaka mtoto amekosa pa kuweka wa kwake. Alitaka kuomba radhi, akaona akianza kulia yeye, Kijiti ataacha kulia ili ambembeleze, na hapo itakuwa yale yale. Akajikaza. Akamvuta akamkalisha karibu naye, wakabanana kwenye kile kiti kimoja.

"Haya, leo zamu ni yako," alimwambia. "Ogopa tu. Mimi nipo."

Na Kijiti akalia, kilio kizuri kirefu, mpaka mgonjwa wa nje akagonga mlango kuuliza kama humo ndani picha inauma.

Walikubaliana mambo mawili. La kwanza, Kijiti atamjibu Kocha mwenyewe. La pili, Mama hatamtangulia kwa Baba, hatamwandalia njia, hatamnong'oneza. Kwa mwanamke yule hilo la pili lilikuwa sawa na kuambiwa ashike kaa la moto na atabasamu.

Ijumaa fundi vigae alikuja uwanjani na shati lililopigwa pasi na mafundi wenzake wawili, waje washuhudie. Mkewe alipowaona hao wawili, alimtazama Kijiti, Kijiti akamtazama, na alijua kwamba akitikisa kichwa kidogo tu, mtoto atabadilisha jibu. Atasema napanda, kwa ajili ya shati la baba yake. Ataenda kwa Wakubwa na kuomba moyoni msimu mzima mpira usimfikie, na siku utakapomfikia atavunjika kimyakimya na kuvaa glavu nyingine. Akaiweka shingo yake sawa, asitikise wala kuinamisha, na mikono akaifungia ndani ya kanga ya begani isije ikasema kitu.

Kocha alikuja na koni zake. "Nyumba inasemaje?"

"Mwambie Kocha, mwanangu," Baba alisema, kifua mbele.

"Nabaki Chipukizi," Kijiti akasema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Nabaki Chipukizi msimu huu. Kule bado naogopa."

"Unaogopa?" Baba yake alimtazama kama aliyeambiwa mtoto ana mkia. "Wewe?" Wenzake wawili wakaanza kuitazama miti. Akamgeukia mkewe, na sauti ikashuka. "Hii ni kazi yako. Umemjaza."

Majibu Mama Picha alikuwa nayo, tena makali, mengine ya tangu mwaka juzi. Ulimi wote ulikuwa umejaa. Akayameza moja moja.

"Si Mama," Kijiti alisema. "Mama aliniambia nipande."

Hilo lilimwingia fundi pabaya kuliko yote. Akatazama mmoja, akatazama mwingine, kisha akauliza kwa upole ambao haukuwa na hadhira tena, "Kweli unaogopa, mama?"

"Kweli, Baba."

"Mbona hukusema?"

Kijiti akainua mabega. Baba yake, kwa mara ya kwanza, hakuwa na mfano wowote wa kigae.

Kocha hakuwa na haraka wala huruma. "Nimesikia. Msimu ujao naweza kukuita tena, na naweza nisikuite. Wapo wengine wanaokuja. Hilo unalijua?"

"Nalijua," Kijiti akasema, na ilionekana wazi kwamba linamuuma.

"Haya, nenda kapashe mwili."

Mazoezi yakaanza. Baba akaenda kukaa na wenzake kwenye ngazi za saruji, akawa anakwangua kucha. Mama Picha alibaki pembeni ya mstari. Jamani, asikwambie mtu kwamba woga huisha kwa siku mbili. Aliogopa kwamba mtoto amepoteza bahati isiyorudi, na saa hiyo hiyo aliogopa kila gongo lililoinuka. Lakini aliona jambo. Kijiti alikuwa anaudai mpira. Anapunga mkono, anapaza sauti, anamkata jicho mwenzake aliyempitishia mwingine. Akiupata anawachukua watatu, anawapiga chenga, anautoa kwa wakati, kisha anakimbilia mahali ambapo utarudi. Wenzake walikuwa wanamtazama yeye kujua wafanye nini.

Kisha mpira mmoja ukaruka vibaya kutoka kwenye gongo la mtu, ukampata Kijiti mfupani, mbele ya mguu, chini kidogo ya goti pale kinga inapoishia. Sauti yake ilisikika hadi kwenye ngazi, na baba yake akasimama. Kijiti akainama. Akakaa chini. Mama Picha mguu mmoja ulikuwa umeshavuka mstari, akaurudisha. Chozi lilikuwa tayari limeshamtoka, halikumwomba ruhusa.

Kijiti akainuka. Kocha akamuuliza kitu kwa mbali. Mtoto angeweza kuonyesha kidole gumba kama siku zote, akasema hamna kitu, mchezo uendelee. Alisimama kidogo akifikiri. Halafu akaliacha gongo lake nyasini, akatoka uwanjani akichechemea, mbele ya wachezaji wote, mbele ya mafundi vigae watatu, akamjia mama yake moja kwa moja.

"Hapa panauma," alisema.

Mama akapiga magoti. Akashusha soksi, akabonyeza kama alivyoona madaktari wakibonyeza. "Hapa? Na hapa?"

"Hapo hapo. Huko juu hapana."

"Kanyaga. Kanyaga tena." Mfupa ulikuwa salama, ni nyama tu iliyopondeka, na alijua hivyo, na bado vidole vyake havikutaka kuuachia ule mguu. Kijiti akamwona uso.

"Mama, nimekwambia ili ujue," alisema. "Sijakwambia ili ulie."

"Sawa," Mama Picha akasema, na akaendelea kulia. "Kaa hapa dakika mbili. Maumivu yakitulia, rudi ukacheze."